Trei la Mayai Kiti cha Mbele

Sijui magari. Najua mayai.
Miaka kumi na minne nayauza karibu na stendi, Tabora,
na barabara za huku nazijua kwa yale yanayopasuka:
Sikonge, mawili kwa trei.
Mabama, sita.
Ulyankulu wakati wa masika,
usinunue mayai, nunua kuku.

Siku hiyo Lubasha, kitinda mimba wa Kalunde wa Cheyo,
akasimamisha mbele ya meza yangu gari jekundu,
fupi, la milango miwili,
limelala chini kama mjusi anayeota jua,
linakoroma hata likiwa limesimama.
Nikadhani kapotea njia.
"Mama Nsimba, naomba trei.
Si la kula. La kupimia."

Walikuwa wamebishana tangu asubuhi, yeye na Masele,
fundi matairi wa Kanyenye.
Lubasha: gari la mbio springi zake ngumu, ndivyo lilivyoumbwa.
Masele: springi hazina kesi. Kesi ni hizi rimu, inchi kumi na tisa.
Akaniita niwe shahidi, akachora duara mchangani
na duara jingine ndani yake.
"Hili la nje halibadiliki, mama. La ndani likinenepa,
mpira unakonda. Na upepo unakaa kwenye mpira,
chuma hakina pa kuuweka."
Nikainama, nikatazama.
Kweli, mpira ulikuwa mwembamba
kama wanja kwenye kope.

Tukatandika kanga yangu kuukuu kiti cha abiria,
trei juu yake, mkanda ukafungwa,
mayai thelathini yakakaa kama mgeni wa heshima.
Kanyenye hadi Itetemia na kurudi, mwendo arobaini, usizidishe.
Kwenye reli tulilisikia tukiwa palepale: ka! ka!
kama mtu anayegonga mlango kwa ufunguo.
Kumi na moja yamekwisha. Mazima, kumi na tisa.
Masele akacheka peke yake.

Akafunga kumi na saba. Nikajaza mapengo. Yakapasuka manne.
Akafunga kumi na sita,
mpira umevimba ubavuni kama shavu lenye andazi.
Kwenye reli safari hii hatukusikia kitu,
nikadhani limezimika.
Moja tu lilirudi na ufa, na ufa ule ulikuwa wangu, wa alfajiri,
niliuona wakati napanga.
Nikamhesabia yeye. Mungu anisamehe.

Lubasha hakufurahi.
Alirudi nyuma hatua saba, akalitazama, akatikisa kichwa.
"Limekuwa kama askari aliyevaa ndala."
Tena usukani, alisema, kwenye kona unasita,
kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini.
Masele hakubisha.
"Hiyo kweli. Mpira mnene huchelewa kuitika."

Wakanyamaza. Pikipiki ikapita na magunia ya mkaa.
Ndipo Lubasha akasema, huku anakunja kanga yangu iliyolowa ute,
kwamba Jumapili anampeleka mama yake Nkinga. Nyonga.
Jirani ana Noah, imeinuka, laini, wala hadai zaidi ya mafuta,
lakini Kalunde ameapa hapandi kitu kingine:
miaka mitatu amelisikia gari hili kwenye simu,
sasa anataka watu wa Nzega wamwone ndani yake.
"Yaache hayohayo madogo," akasema,
akatoa pochi bila kuuliza bei.

Rimu kubwa zikabaki kibandani, zimeegemea ukuta,
watoto wa shule wanajitazama meno humo.
Yale mayai tuliyakaanga jioni kwa vitunguu, palepale gereji.
Masele peke yake alikula sita.

Ninalo daftari la hasara. Nikaandika:
Nkinga. Gari jekundu. Kumi na sita.
Mbele yake nikaacha nafasi,
nitajaza wakirudi.