Mzururaji

Mtoto Shee, miaka sita, jicho la kushoto lina makengeza,
kalala chini ya shuka la kijani, kliniki ya macho, Tudor.
Daktari Mwakio akaushika msuli mdogo wa jicho,
akauvuta kidogo, kama fundi cherehani avutavyo uzi,
na moyo uliokuwa ukienda mia na kumi
ukashuka.
Themanini. Hamsini na mbili. Arubaini.
Mashine ikaanza kusema kwa vituo
kama mtu anayesinzia katikati ya hadithi yake.

"Achia, daktari."
Akaachia.
Sindano ya atropini i mkononi mwangu, sijaisukuma.
Arubaini. Arubaini na nne. Tisini.
Nyuma ya barakoa muuguzi akakohoa,
na kazi ikaendelea.

Namjua aliyefanya hivi.
Neva ya kumi, mzururaji.
Hutoka kwenye shina la ubongo,
hushuka na shingo, bega kwa bega na mshipa mkuu wa damu,
huushika moyo hatamu,
hupita mapafuni, hubisha hodi kwenye ini, hulisukasuka tumbo,
na katikati ya utumbo mpana huchoka.
Huko chini wapo wenzake, watokao juu kidogo ya kifandugu,
wao zamu yao ni kibofu na haja.
Na kichwani ana ndugu watatu:
wa tatu hubana mboni,
wa saba ana machozi na mate,
wa tisa ana mate pia, yale ya chini ya sikio.
Hawa hawajui kupiga kelele. Kelele ni za yule mwingine,
mwenye kusema: kimbia, pigana, toa jasho.

Siku nzima nilikuwa wake yule mwingine.
Ulimi mkavu, chai ikanipoea kikombeni.

Jioni, Kibokoni, Mwanamkuu kapakua muhogo wa nazi.
"Kazini je?"
"Salama."
Akakamua ndimu,
na mate yakanijaa kabla sijanyoosha mkono.
Kisha tumbo likanguruma, refu, bila haya.
Akacheka: "Hilo lasema kuliko wewe."

Baada ya kula nikajilaza mkekani,
vidole viwili juu ya kiwiko cha mkono, pale padundapo.
Sabini na sita.
Sabini.
Sitini na tatu.
Mkono ule ule wa asubuhi, katika hatamu ile ile.
Mara hii sikumwambia mtu aachie.