Misumari Saba

Duka langu liko Chikongola, mlango wa buluu uliobabuka.
Nauza unga, dagaa, viberiti, mafuta ya kupima.
Mifuko, kwa miaka kumi na mmoja, sikuuza hata mmoja:
nilitoa bure.

Ukinunua pilipili tatu, kifuko.
Kitunguu kimoja, kifuko.
Mtoto akija na mia yake ya ubuyu
namfungia, nakaza fundo kwa meno,
naye anatoboa pembe, anafyonza, anaachia,
upepo unajua pa kupeleka.

Somoe Nantepa peke yake ndiye aliyekataa.
Anakuja na bakuli la dagaa, chupa ya mafuta,
kikapu cha ukindu kilichokatika mkono mmoja.
"Nipimie humu. Hicho chako kiache."
Nikamcheka: "Bi Somoe, ubahili hadi kwa vya bure?"
Akasema, "Cha bure kina mwenyewe, Chikwaya.
Hajaja tu kudai."

Akaja mwezi wa tatu, usiku wa kuamkia Ijumaa.
Mvua ilinyesha kama iliyotumwa,
mfereji ukatapika,
maji yakapanda kizingiti, yakaingia bila hodi,
yakala magunia mawili ya sukari
na daftari la madeni
(hapo wapo waliochinja kuku).

Asubuhi nilizamisha mkono mferejini hadi begani
nikavuta. Nikavuta tena.
Vilitoka vimeshikana, vyeusi, vinanuka,
na kila kimoja nilikijua:
fundo langu, lile la meno, linalolala kushoto.
Mtaa mzima hakuna mwingine afungaye hivyo.
Nikakaa juu ya ndoo, nimelowa,
mbele ya maandishi yangu mwenyewe.

Sikuhubiri. Ningeanzia wapi?
Nilikwenda Mikindani kwa shangazi, Binti Mfaume,
nikamwagiza vikapu saba.
"Saba? Unaoza?"
"Nalipa deni."
Akanitazama, akaendelea kuchambua ukindu.

Nikagonga misumari saba juu ya dirisha,
nikaandika kwa chaki: AZIMA. RUDISHA.

Wiki ya kwanza viliondoka vyote.
Vikarudi viwili.
Mkanjaluka nilimfuata hadi kwake, nikakuta chake
kina kuku anaatamia mayai kumi na moja.
"Subiri wiki tatu," alisema. "Au mfukuze wewe."
Wateja wengine walihamia ng'ambo, kwa Salumu,
ambako bado unafungiwa hata kiberiti.
Mke wangu akahesabu misumari mitupu,
akanyamaza ule unyamavu wake
unaosikika hadi uani.

Somoe ndiye aliyekuja na kikapu kimejaa,
cha kwake, si changu:
mchicha alioupanda kwenye ndoo za rangi
kwa maganda ya vitunguu aliyookota mlangoni pangu.
"Weka hapo uuze," akasema,
"na atakayetaka kifuko mwambie
mchicha una miguu yake."
Sikuelewa. Niliuza, lakini.

Kisha Novemba, korosho zimeanza kushuka,
akaja msichana simjui, amebeba kikapu
cha msumari wa nne.
Kitako kimeshonwa upya kwa uzi wa gunia,
mishono mikubwa, ya mtu asiyeona vizuri.
Ndani mna mabibo matatu.
"Bibi anasema samahani, tulihamia Magomeni
tukaondoka nacho."
Alishikwa na aibu kama aliyeiba.
Nikatafuta la kumwambia, nikakosa,
nikampa peremende. Akaangalia ganda lake,
akaniuliza alitupe wapi.

Kimetundikwa sasa, kimepinda kidogo.
Misumari miwili bado mitupu.
Kuku wa Mkanjaluka ameatamia tena.
Ubuyu naufungia kwenye gazeti,
na watoto wananinung'unikia kila siku
kwamba gazeti
halina pembe ya kufyonza.