Usikung'ute

Najua mama yako alikufunza:
shuka likitoka kitandani hukung'utwa mara mbili,
vumbi litoke, mende atoke, ndoto mbaya itoke.
Hata mimi, kule Ugweno, nililelewa hivyo.
Lakini hapa, Namsifu, upande huu wa mlango,
usikung'ute.

Likunje kwa ndani, polepole,
kama unavyofunga maandazi ya moto kwenye gazeti,
uchafu katikati, pembe nne zikutane.
Kisha mfukoni. Lenye damu, mfuko mwekundu.
Mfuko usiukumbatie, usiutwishe mgongoni kama mkungu wa ndizi;
toroli lipo, na gurudumu lake bovu
litakuzoea.

Sindano haina adabu.
Haimjui aliyevaa glavu nene
wala aliyeazima za kuoshea vyombo.
Eliaika, mwenye kicheko kilichofika mochwari na kurudi,
alichomwa hapa, chini ya gumba,
na sindano iliyokuja imelala ndani ya foronya.
Maji, sabuni, bila kukamua;
tukakimbia naye saa ileile, si kesho.
Vidonge siku ishirini na nane.
Kila asubuhi nilihesabu naye mlangoni:
leo kumi na tatu. Leo kumi na nne.
Mumewe aliambiwa ni dawa za tumbo.
Majibu yalikuja mazuri. Kicheko hakikuja.
Sasa anauza mshare pale Mbuyuni,
akiniona huniongeza vidole viwili bila kusema kitu.

Siku ile niliitia sindano katika kopo la maziwa,
nikapanda ngazi na buti zangu za mpira, nadondosha maji,
nikaliweka kopo juu ya meza ya zamu.
"Hii ni yenu," nikasema. "Imepotea njia."
Walinitazama kama kwamba shuka limesema.
Wiki iliyofuata kila wodi ilipata boksi la sindano,
karibu na kitanda, si kule koridoni.
Bado zinakuja. Chache.
Ndiyo maana nakwambia.

Mashine ya kushoto hutembea ikikamua.
Iache itembee. Izime, ngoja pipa lisimame kabisa,
kidole si mgomba, hakichipui.
Jiki usiikutanishe na dawa ya chooni:
wawili hao wakionana, tutakaokohoa ni sisi.
Umeme ukikatika, kaa palepale. Sakafu ina sabuni.

Daftari liko msumarini.
Jana yameingia mashuka sitini na manne, yametoka sitini na moja.
Moja lilimsindikiza mzee wa Uru, nani angelidai?
Moja mama alimfungia kichanga, mvua ilikuwa kubwa.
La tatu tunalitafuta, na wewe litafute.
Yanayokutwa ndani yana mstari wake pia:
rozari, mkasi, jino la bandia,
shilingi mia mbili, barua isiyofunguliwa.
Barua usiisome. Mimi niliisoma moja
na sasa najua jambo ambalo si langu.

Nawa. Vua aproni. Nawa tena, hadi kiwiko.
Sasa njoo huku, mlango wa pili,
ambako hakuna kinachoingia na buti.

Mawingu yameshuka hadi kwenye paa, Mlima hatuuoni leo,
lakini mashuka yamekauka, yana joto la pasi.
Shika pembe zako mbili, nishike zangu.
Rudi nyuma hatua moja.
Hapa, Namsifu,
kung'uta.
Pwaa!

Umesikia?
Tena. Bado hamsini na tisa.