Mkuku Juu

Saa tisa usiku, kengele ya chumba cha kumi na moja.
Namkuta Bwana Ridley kati ya kitanda na choo,
chali, suruali ya kulalia imepanda magotini,
macho wazi, kama anayekagua dari kabla ya kuilipia.
"I keeled over," ananiambia,
kwa sauti ya mtu anayetaja mtaa aliozaliwa.

Simwinui kwanza. Ndiyo sheria:
gusa shingo, gusa nyonga, uliza jina, uliza mwezi gani.
"Januari," anasema, "Sunderland, na sakafu yenu ni barafu."

Fomu ina visanduku sita.
Aliteleza. Alijikwaa. Alizimia. Alidondoka kitandani.
Alianguka akisaidiwa. Alikutwa sakafuni.
Neno lake halimo.
Pauline, mkuu wa zamu, anasema tia alama hicho cha mwisho,
maana hakuna aliyeona,
na mwanguko usioonwa si mwanguko, ni kukutwa.

Miaka minne niko hapa, Kiingereza chao bado kinanipiga ngwala.
Mtoto wao huanguka, basi, kitenzi,
akalia, akainuka.
Akishapita themanini haanguki tena:
anakuwa na mwanguko,
kama mtu anavyokuwa na paka, au na mgeni wa wiki nzima.

Kwetu Tukuyu, mvua isipokatika,
tunayo ya kila namna: kuteleza, kupepesuka,
kupigwa mweleka na tope,
kuanguka pu! kama gunia la viazi.
Na mama huongeza, kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.
Lakini hili la Bwana Ridley sikulijua.

Asubuhi nikampelekea chai, nikamwuliza.
Akaomba kisahani cha sabuni.
Akakiweka juu ya maji kwenye beseni, akapitisha kucha chini yake:
huu uti wa mgongo wa meli, ndio unaolazwa kwanza kabisa,
na mimi wangu wa kwanza niliulaza nina miaka kumi na sita,
pale mtoni, theluji ikiingia kolani.
Kamusi ya simu ikaniambia: mkuku.
Mtu wa milimani, nimefundishwa neno la lugha yangu
na mchomea vyuma wa Kiingereza.

Kisha akakipindua.
"Ndivyo."
Si kujikwaa kwenye zulia.
Aliyekanyaga ganda la ndizi hastahili neno hili.
Ni mzimamzima, kwa mkupuo, bila kutafuta pa kushika:
mtu yuko kwenye foleni ya benki,
halafu foleni imebaki na pengo.
Na usiliseme mbele ya mjane wiki ya kwanza, akanionya.
Wiki ya tatu, waweza.

Nikakitazama kisahani, tumbo juu,
ute wa sabuni na unywele mmoja wa mvi
vimeganda pale ambapo maji huficha.
Nikaukumbuka usiku: nyayo zake nyeupe pe,
kovu refu la paja,
Doreen, kwa wino uliofifia, chini ya kitovu.
Aliyesimama haonyeshi hayo.

Kwenye fomu, pembeni mwa visanduku, nikaandika:
alipinduka, mkuku juu.
Pauline akasoma, akauliza hiyo lugha gani,
akaikata kwa mstari mmoja, akatia saini.

Machi, akisubiri uji wake, Bwana Ridley akaenda.
Daktari aliandika la kwake, refu, la Kilatini.
Kwenye chai baada ya mazishi
mwenzake wa karakana, kikombe kikimtetemeka mkononi,
akanishika kiwiko:
"Just keeled over, pet,"
akaanza kucheka, na machozi yakimfika kidevuni.
Nikahesabu siku kwa vidole, mfukoni.
Ya kumi na tisa.
Nikacheka naye.