Pipa la Jumanne

Daktari alisema, "Pumzika,"
nikacheka hadi kikohozi kikanikaba:
pumzika imezaliwa na pumzi,
na pumzi ndiyo ninayodaiwa.

Middlesbrough, mwezi wa Januari.
Saa kumi alasiri jua limeshafunga duka.
Nimekaa jikoni na koti langu, chai imeota utando,
na mwanangu ameniandikia kutoka Toronto:
Baba, usikate tamaa.
Tamaa hukatwa kwa nini, mwanangu?
Mimi sikuona kisu.
Niliona tu siku moja sikunyoa ndevu,
kesho yake sikufungua pazia,
na Jumanne ile sikutoa pipa.

Waliokuja mwanzoni walikuja na sambusa
na swali moja wamelifunika kwa leso:
Kwani ulikuwa ukivuta?
Nilivuta. Pakiti kwa siku, miaka ishirini na minane,
nje ya lango la kiwanda cha chuma, mvua ikinipiga mgongoni.
Wakatikisa vichwa
kama karani aliyeona hesabu imelingana.
Wengi hawakurudi.

Lakini Jumanne iliyofuata nikalisikia,
gurudumu moja bovu, kwaru, kwaru, kichochoroni,
na jioni pipa limerudi mahali pake, tupu,
mfuniko umeelekea ukutani, kama nipendavyo.
Wiki ya pili. Ya tatu.
Hapakuwa na kikaratasi.

Wiki ya nne nikavizia
(ndiyo, siku hiyo pazia nililifungua, kidole kimoja):
alikuwa Maureen wa nambari kumi na nne,
tuliyenuniana miaka sita kwa sababu ya paka wake.
Gauni la kulalia, viatu vya mpira.
Anasukuma hatua tano, anasimama,
mkono kiunoni, mdomo wazi.
Nikakutambua kusimama kule.
Mtu hawezi kukuiga.

"Upande gani?" nikamuuliza kutoka mlangoni.
"Kushoto. Walilitoa lote. Wewe?"
"Kulia. Langu halitoki."
Hakusema pole. Hakusema Mungu yupo.
Alisema, "Pipa lako linanuka, Faki. Samaki gani huyo unayekula?"

Tangu hapo Alhamisi huja jikoni kwangu.
Hatusemi sana, maneno yana gharama.
Yeye hujaza chemshabongo ya gazeti, mimi nakaanga kitunguu,
tunakohoa kwa zamu, kama watu wanaopokezana beseni.
Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Miaka thelathini na mmoja mtaani hapa
bado sijajua kati yetu nani mgeni,
na wa kupona hayupo.

Usiku naogopa vilevile. Niseme kweli.
Saa nane kitanda huwa kipana kama uwanja wa mpira
baada ya watu kuondoka.
Ila nikigonga ukuta mara mbili
ukuta hujibu.

Leo ni Jumanne. Juzi ambulensi ilimchukua,
akanipungia mkono kwa hasira, kama aliyeacha kitu jikoni.
Nimevaa viatu. Nimetoa langu, kisha lake,
hatua tano, nasimama,
hatua nne, nasimama,
theluji inaanguka kidogo, haina haraka, wala mimi.
Nikaketi juu ya kiukuta cha watu nisiowajua
hadi kifua kikanirudia.
Jioni nimelirudisha pipa lake, na mfuniko nimeuelekeza sivyo.
Akirudi atanigombeza.
Na arudi, anigombeze.