Pua ya Saba

Tulikuwa saba mezani, kiwandani kwa Stamen,
Bulgaria, bonde la waridi, mwezi Juni,
madirisha yamefungwa ili upepo usitudanganye.
Kila mmoja na ukanda wake wa karatasi
uliochovywa mafuta ya pipa la kumi na nne.

Nikanusa. Waridi, ndiyo. Asali kidogo.
Na chini yake, kama mdeni aliyejificha nyuma ya pazia,
moshi.
Mtu alisinzia tanurini alfajiri.
Nilikuwa na hakika nayo kama jina langu.

"Safi," alisema Velika, miaka thelathini kazini.
"Safi," Ognyan, kalamu ikimtangulia mdomo.
"Safi." "Safi."
Neno likazunguka meza kama kibakuli cha chumvi,
kila mkono unakipokea, unakisukuma mbele.

Lilipofika la tano nikanusa tena,
na moshi, kweli tupu, ulikuwa umepungua.
Usinicheke. Sikuogopa, au sikujua kuwa naogopa;
nilikuwa naishitaki pua yangu:
labda ni sigara za mume wangu kwenye skafu,
labda mafua ya Machi hayajaisha,
labda haiwezekani watu hawa wote wakosee
nipatie mimi, binti wa fundi viatu.
Penye wengi, si tunaambiwa, hapaharibiki neno.

Desislava, wa sita, alikawia.
Ukanda ulimtetemeka mkononi.
Akanitazama. Nikatazama kalamu yangu.
Laiti ningekohoa tu.
"Safi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

Zamu yangu. Herufi nne, pumzi moja.
"Safi."
Na lo, utamu wake!
Kama kuvutiwa kiti karibu na jiko.
Hilo sikuwa nimelisikia popote:
kwamba uongo wa pamoja una blanketi.

Pipa likapigwa lakiri.

Jioni, kituoni, tukingoja basi la Kazanlak,
Ognyan akawasha sigara, akasema kama anayetaja mvua:
"Kumi na nne ilikuwa na moshi."
"Eeh," akasema Velika.
"Eeh." "Eeh."
Likaja tena, kwa mpangilio ule ule wa mezani,
Desislava akakawia, akaitikia,
likanifikia.

Nikafungua mdomo,
na hadi leo sijui
kama niliunusa.