Macho Hayana Pazia

Nilipewa ufunguo wa ukumbi wa Kaloleni
na ufagio uliokatika mpini.
Kazi yangu ilikuwa vumbi.
Lakini saa kumi na moja jioni Apondi huja,
hujifunga bandeji mikononi polepole
kama mama anayembeba mtoto mgongoni,
nami hufagia pembe ileile mara nne.

Mwezi wa kwanza nilitazama ngumi.
Nani asiyetazama ngumi?
Glavu nyekundu zilizochunika, begi likilia,
vumbi la Jogoo Road likishuka toka darini.
Usiku, kule Jericho, nilirusha makonde hewani
hadi nikaangusha sufuria ya chai,
na dada yangu Kerubo akasema toka kitandani:
"Mwiga tembo hupasuka msamba.
Na hiyo suruali ni yangu."

Mwezi wa pili macho yalichoka kupanda, yakashuka.
Yakakuta kisigino.
Kisigino cha kushoto, jamani!
Kabla mkono haujajua kitu, chenyewe kimeshajua:
kinainuka, kinageuka kidogo
kama mtu anayezima kipisi cha sigara,
ndipo nyonga, ndipo bega,
na ngumi huwasili mwisho kabisa,
mgeni aliyetanguliwa na mizigo yake.

Tangu hapo sikumwona Apondi tena. Niliona kisigino.
Nilikijua kikichoka, kikikasirika,
kikidanganya.

Siku moja Kocha Musembi alikosa mtu wa kumpa.
"Weka ufagio," akaniambia. "Dakika mbili tu."
Nikasimama. Akakunja uso.
"Nani kakufunza? Huyu ni Apondi aliyegeuzwa ndani nje,
kama fulana iliyovaliwa gizani."
Kweli. Yeye ni wa shoto, mimi wa kulia;
nilikuwa nimemsoma uso kwa uso,
kama kioo kinavyomsoma mtu.

Usidhani nilishinda.
Macho hayakuwa yamenifunza kupumua;
hakuna anayeiona pumzi akiwa mlangoni.
Sekunde arobaini, mapafu yakawa magunia ya kokoto,
na konde moja, si kali, la adabu tu,
likanilaza chali, likanionyesha
tandabui zote nilizosahau darini.

Ila la pili nililiona.
Kisigino kiliinuka, nami nikawa sipo.

Sasa nalipa ada kama wengine, na bado nafagia.
Juzi nilimkuta Apondi peke yake ulingoni
akisogea upande, mguu ukimburura mwenzake,
hatua fupi fupi, mgongo umeinama kidogo.
Hatua ile sikuwahi kuiona kwa bondia yeyote.
Nikashika mlango, nikaitazama
mpaka nikaikumbuka:
ni yangu, ya kufagia chini ya mabenchi.

"Unatazama nini?" akauliza, bila kusimama.
"Hakuna," nikasema.